Unga wa Kwenye Chupa ya Jamu

Mke wangu alikufa kwa kiharusi miezi minane iliyopita. Presha yake ilikuwa mia mbili kwa mia moja na ishirini. Kwa mwaka mzima alikataa kumeza vidonge nilivyomletea, akanywa unga wa majani. Nami kazi yangu ni kupima mimea ya dawa. Tuliacha kulizungumzia jambo hilo, kisha kidogo kidogo tukaacha kuzungumza.

Unga ulibaki kabatini, nusu chupa ya jamu, kijiko kikiwa ndani. Nilitaka kujua nani kati yetu alikosea. Nikaipeleka chupa kazini.

"Leo tunapima nini, Sifuri?" aliuliza fundi wa maabara. Ananiita hivyo kwa sababu majani mengi ninayopima hayafanyi chochote, nami huandika hivyo hivyo.

"Majani ya presha."

"Ya nani?"

"Ya nyumbani."

Akaanza kuandaa mashine.

Tulitundika pete ya mshipa wa damu wa panya katika maji ya chumvi yenye joto la mwili, tukaikaza kwa dawa ya kubana mishipa, kisha tukatia maji ya unga niliouchota chini ya chupa. Mshipa ukilegea, kalamu ya mashine hushuka kwenye karatasi. Ilishuka mpaka chini.

"Haa! Sifuri leo kapata moja!" Fundi alipiga kofi. "Kumbe marehemu alikuwa anajua."

Kama ni hivyo, mwaka mzima nilimnunia mtu aliyekuwa sahihi. Lakini jaribio moja si ushahidi. Nilikwenda kwa muuza dawa yule yule aliyemuuzia mke wangu, nikanunua pakiti mpya ya majani yale yale. Mara tatu tulijaribu, mara tatu kalamu haikutikisika.

Basi kilichokuwa ndani ya chupa hakikutoka kwa muuzaji. Nilisaga kidonge kimoja kati ya vile nilivyomletea, nikaweka matone matatu kwenye bamba la kupimia: la chupa, la pakiti, la kidonge, nikalisimamisha ndani ya spiriti. Spiriti ikipanda kwenye bamba hubeba kila kemikali mpaka kimo chake. Chini ya taa, tone la chupa lilikuwa na doa kwenye kimo sawasawa na cha doa la kidonge. La pakiti halikuwa nalo.

Nilimpigia simu dada yake.

"Shemeji, alikuwa anasaga vile vidonge?"

"Nani kakwambia?"

"Chupa."

"Mungu wangu." Alicheka kidogo, kisha akapenga kamasi. "Majani matupu aliona hayamsaidii. Lakini akimeza mbele yako, alisema, utatembea humo ndani kama jogoo. Akasema atakwambia siku ukiacha kununa."

"Sikuwa nimenuna."

"Shemeji."

Nilimuuliza kama watoto hawajambo, akasema hawajambo, tukaagana.

Kesho yake nilirudi kwenye ile nusu iliyobaki, nikapima kijiko kimoja kimoja, kutoka juu kwenda chini. Cha juu kabisa kilikuwa na chembe tu ya dawa. Cha chini kabisa kilikuwa na dawa ya vidonge vitatu. Kidonge kilichosagwa ni kizito kuliko jani. Kila chupa ikitikiswa, kinazama. Nusu aliyoimaliza yeye ilikuwa ya juu.

"Niandike nini kwenye fomu?" fundi aliuliza.

"Majani: sifuri."

"Na chupa?"

"Chupa haimo kwenye fomu."

Kuchanganya unga ili dawa ienee sawa hufundishwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Unachukua dawa yote na majani kiasi kile kile, unasaga pamoja, unaongeza majani mara mbili, unasaga tena, mpaka majani yaishe. Ni kazi ya dakika kumi. Angeniuliza ningemwonyesha, nilikuwa chumba cha pili.