Mhuri Mpya na Jiwe la Mlangoni

Kila asubuhi, kabla hajagusa kompyuta, alisuuza kikombe chake kilichovunjika mpini, akamwagilia mmea wa dirishani usio na mwenyewe, kisha akasubiri birika lichemke. Ofisini walimwita Kipaza, kwa kejeli, maana alipozungumza hata aliyekaa naye bega kwa bega ilimbidi ainame ndipo asikie. Hakulichukia jina hilo. Alikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na mtu wa majaribio hachagui jina.

Siku hiyo birika ndiyo kwanza lilikuwa limeanza kuimba, simu ya mezani ikalia. Kipaza aliiogopa simu ile kama mtoto anavyoogopa sindano. Mwingine wa kuipokea alikuwa Chapuchapu tu, baba wa watoto watatu asiyejua kukaa kimya, na leo alikuwa amejikunyata nyuma ya kompyuta yake bila neno.

"Haloo," Kipaza akasema.

"Haloo! Nani? Ongea basi, mama, au umemezwa na chatu?" Alikuwa mkuu wa maabara ya hospitali, mwenye sauti ya mnadani. "Majibu hayafiki wodini! Kuna mgonjwa anasubiri kuongezewa damu, na mimi napanda ngazi na karatasi mkononi kama tarishi!"

"Tunaangalia," Kipaza akanong'ona, akakata simu.

Ofisi yao ilitunza seva, yaani kompyuta kuu, za hospitali: ya maabara, ya wodi, ya duka la dawa, na nyingine kadhaa zilizosemezana kutwa kucha. Kila seva ilikuwa na cheti chake, mfano wa kitambulisho cha kazini chenye mhuri, na haikupokea neno la mwenzake kabla ya kukagua mhuri huo. Mhuri wa zamani ulikuwa unaisha muda wake jioni hiyo. Kazi ya kubadilisha vyeti ilipangwa waianze wote kwa pamoja baada ya chai.

"Chapu," aliita. "Umegusa nini?"

Chapuchapu alijikuna kisogo. "Nilitaka kuwapunguzia kazi. Nimeivalisha seva ya maabara cheti kipya. Cheti chenyewe safi, hakina doa!"

"Na zile nyingine umezionyesha mhuri mpya?"

"Eh... hapo sasa."

"Basi zimeifungia nje. Kwao ni mgeni asiyejulikana."

Msimamizi wao aliingia mkoba ukiwa bado begani. Wote walimwita Dada Mkubwa, na yeye ndiye aliyekuwa wa kuamua, wiki ijayo, kama Kipaza ataajiriwa au ataagwa. Alisikiliza maelezo akiwa wima.

"Zimeni ukaguzi," alisema. "Kwenye seva zote. Zipokeane bila kuulizana, kwa leo tu. Vyeti tutavipanga taratibu kesho. Mimi nakwenda kuwatuliza wakubwa wa hospitali. Kipaza, sawa?"

"Sawa," Kipaza akajibu. Neno lilimtoka lenyewe, kama lilivyozoea.

Dada Mkubwa aliondoka kwa mlango wa nyuma. Kipaza alimsindikiza kwa macho, macho yakatua kwenye jiwe. Fundi aliyekuja kubadilisha kitasa ndiye aliyeliegemeza pale mlango usijifunge, akisema ni kwa leo tu. Fundi hakurudi. Siku hizi mfagiaji alilizunguka kama anavyomzunguka mpangaji wa siku nyingi, na mwezi uliopita walimkuta mtu wasiyemjua amekaa kwenye korido yao, anachaji simu, hana wasiwasi wowote.

Yule alitaka umeme tu. Lakini mtu akiingia katikati ya seva zisizoulizana, anaweza kutuma jibu ambalo maabara haijalitoa, na wodi ikalipokea kwa mikono miwili. Kundi la damu likibadilishwa herufi moja, mgonjwa hana nafasi ya kulalamika.

Kipaza alizitazama nguvu zake, akaona ni chache. Akaona pia kwamba zinatosha kuanzia. Bora lawama kuliko fedheha.

"Hatuzimi kitu," alisema.

Chapuchapu aliinama. "Umesemaje?"

"Irudishie maabara cheti cha zamani. Bado ni kizima mpaka jioni."

Akairudishia. Majibu yakaanza kumiminika wodini kama maji bombani. Kisha wakaanza upya, kwa mpangilio. Kwanza kujuana: waliitoa seva moja kwenye foleni ya kazi, wakaionyesha mhuri mpya bila kuinyang'anya wa zamani, wakaizima, wakaiwasha, wakairudisha kazini, ndipo wakaigusa inayofuata. Zote zilipoujua mhuri mpya, wakazunguka tena kuzivalisha vyeti vipya, moja moja. Chai ilipoa. Mara mbili Chapuchapu alitaka kuunganisha seva mbili kwa mpigo, na mara mbili Kipaza akamshika mkono wa shati.

"Wewe binti mpole," alilalamika, "lakini una kucha."

Jua lilipoanza kuinama ilibaki kuvalishwa cheti seva ya wodi peke yake, iliyoitwa Bibi kwa uzee wake. Ilikwisha kuujua mhuri mpya asubuhi, ikazimwa ikaamka kwa kukohoa, na hakuna aliyependa kuirudia adhabu ile. Kipaza aliinua simu kabla woga haujamuwahi.

"Ni mimi wa asubuhi," alisema.

"Aliyemezwa na chatu?" mkuu wa maabara akauliza.

"Amenitapika. Tunazima seva ya wodi kidogo. Majibu ya haraka yapeleke kwa karatasi mpaka nikupigie."

"Mwanangu, na magoti yangu haya!"

"Shikilia ukuta, baba. Nitakuwa mwepesi."

Bibi akazimwa. Kioo kikawa cheusi. Feni zikavuma, zikanyamaza, zikavuma tena. Dada Mkubwa aliporudi aliwakuta wamesimama mbele ya kioo kama watu wanaosubiri mtoto azaliwe, naye akasimama. Kisha mistari ikaanza kushuka: Bibi akaikagua maabara, maabara ikamkagua Bibi, wakakubaliana. Jibu la kwanza likapita. Kipaza akapiga simu, na kutoka upande wa pili ikasikika sauti ya mnadani ikimshukuru Mungu kwa ajili ya magoti.

"Ahsanteni," alisema Dada Mkubwa, akishusha mkoba. "Wakubwa wametulia. Basi ule ukaguzi mliouzima asubuhi, kesho mtauwasha."

Chapuchapu alitazama sakafu. Ilikuwa rahisi kuitikia. Kazi imekwisha, hakuna ambaye angejua, na wiki ijayo ilikuwa karibu. Kipaza alilihisi lile neno lake la siku zote limekaa tayari kwenye ncha ya ulimi.

Akalimeza.

"Hatukuuzima, dada," alisema, na hakuna aliyelazimika kuinama ili asikie. "Asubuhi nilikwambia sawa. Nilimaanisha hapana."