Mtu wa Pili Nyuma ya Pazia

Kanisani kwetu mtu hageuki nyuma. Kinanda kiko juu, kwenye roshani iliyo juu ya mlango mkubwa, na mbele yake limening'inizwa pazia jekundu, kwa sababu waliolijenga kanisa hawakutaka watu waje kumtazama mpigaji badala ya kusali. Unaingia, unakaa, unatazama mbele, na muziki unakujia kutoka kisogoni. Hata jioni za Alhamisi, miezi ya joto, tunapofanya tamasha la kinanda na kuja watu ambao kanisani hawajaonekana tangu wabatizwe, tunawaambia mapema: jamani, hapa hatugeuki. Nao hawageuki. Ni utaratibu mzuri sana kwa mtu mwenye jambo la kuficha.

Mimi sina hata pa kugeukia. Kazi yangu iko chini ya roshani, ndani ya kichumba cha mbao chenye mlango wake wa uani, nasukuma mvukuto unaojaza hewa kwenye mabomba ya kinanda. Mota iliungua miaka mingi iliyopita, kamati ikasema itanunua nyingine, na mpaka leo inasema. Basi mpini wa zamani nikaushika mimi, kwa kuwa nilikuwa mhunzi na mivukuto nimekua nayo. Ukutani kuna kipande cha risasi kwenye uzi: hewa ikijaa kinashuka, ikipungua kinapanda. Juu ya kichwa changu kuna kengele ndogo, na kamba yake iko kwa mpigaji. Ikilia mara moja naanza, mara mbili napumzika. Watu wananiita Mapafu, na bado sijakasirika.

Mpigaji ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Mdogo wangu nilimwoza mimi, maana wazazi walikuwa wameshatangulia. Nilimkabidhi kwa mikono yangu hii, nikaambiwa nisiwe na wasiwasi. Wanaishi katika nyumba ya kanisa, ile ya vyumba vitatu ubavuni mwa uwanja, na sharti la nyumba ile halina siri: anayepiga kinanda ndiye anayekaa. Kwa hiyo shemeji akipata mwanamke mwingine, atakayetoka na masufuria yake si yeye. Ni mdogo wangu, na miaka yake hamsini na miwili. Hilo ndilo lililoninyima usingizi msimu ule mzima.

Na sikudhania tu. Mimi si mtu wa kudhania. Nilianza na hewa.

Asiyewahi kusukuma mvukuto hawezi kujua, lakini kila mpigaji ana ulaji wake. Shemeji ni mlafi. Anavuta vishikio vyote vya kufungulia mabomba tangu mwanzo, makubwa na madogo yanadai kwa pamoja, na mimi huku chini najuta kuzaliwa. Miaka kumi na tisa nimemlisha hivyo. Miezi ya joto Jumapili ni za kwaya na ngoma, kinanda hulia Alhamisi tu. Alhamisi ya kwanza ya msimu ule, kipande cha risasi kilitulia. Muziki ulikwenda kwa adabu. Aliyekuwa juu alikula kidogo, akatafuna, akameza, na mwisho wa kila mstari akaniachia nafasi ya kuvuta pumzi. Nilitoka na shati kavu. Watu uwanjani wakawa wanasema mwalimu mwaka huu amepata utulivu. Mimi nikajisemea, huyu si shemeji.

Alhamisi ya pili nilitega sikio. Dari yangu ndiyo sakafu yao. Nikasikia hatua nzito za shemeji, mguu mmoja ukiburutwa kidogo kama wa mtu aliyetoka kulewa, na pembeni yake hatua nyingine, nyepesi. Halafu sauti ya mwanamke, chini chini, na kicheko kilichokatwa katikati. Na mdogo wangu yuko nyumbani. Alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba mwaka ule hangekuja kukaa benchi lake la mbele, joto linamvimbisha miguu.

Ijumaa yake nilipanda roshani kwa kisingizio cha kutia mafuta bawaba za kabati la vitabu. Nyuma ya vitabu, ndani ya kitambaa, nikakuta viatu vya kike. Vyeusi, vyembamba, soli laini ya ngozi, kisigino kifupi. Mdogo wangu namjua tangu anatambaa, ni mtu wa ndala. Harusini kwake kwenyewe tulimsihi avae viatu. Vile vilikuwa viatu vya mwanamke mwenye mipango. Nikavirudisha kama nilivyovikuta, kwa sababu ushahidi hauchezewi.

Shemeji naye alikuwa amebadilika. Kila tamasha likiisha hushuka kusimama mlangoni apongezwe, na zamani alikuwa anashika mikono ya watu kama mgombea. Msimu ule mkono wa kulia uliingia mfukoni na haukutoka tena. Anainamisha kichwa, anatabasamu upande mmoja, anasema asante, basi. Nilimpa mkono mimi, shemeji yake, akautazama tu. Nikaona ameota mapembe.

Nikaenda kwa mdogo wangu mchana mmoja, shemeji akiwa amelala. Nilimkuta anapiga pasi suti ya mumewe, ile ya kijivu ya siku kubwa.

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo."

"Siku hizi hata mkono hanipi."

"Amechoka, kaka."

"Amechoshwa na nini?"

Akaisimamisha pasi, akanitazama. Vidole vya mkono wake mwingine vilikuwa vinatembea juu ya meza, kama vya mtu mwenye mawazo mengi. "Una neno?" akauliza.

Nilikuwa nalo, tena limeshafika kwenye meno. Lakini utamwambiaje mtu uliyemlea kwamba mwanamume uliyemchagulia wewe mwenyewe anamdhalilisha kanisani? Nikasema, "Sina. Nimepita tu."

"Basi mume wangu niachie mimi."

Nilitoka pale nina hakika kwamba anajua na anameza. Nililia kidogo njiani, sitaki kudanganya. Halafu nikaacha kulia nikaanza kupanga. Siku za mwizi ni arobaini. Mimi wangu nilimpa Alhamisi nane, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye ratiba.

Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Kumwambia mwenyekiti wa kamati kusingefaa, angeunda kamati ndogo. Kumvizia shemeji kusingefaa, angekuwa na jibu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na hewa. Nikiiacha katikati ya wimbo, kinanda kitanyamaza, na kanisa zima, desturi au si desturi, litageuka. Wakigeuka, nitakuwa nimeshafika kwenye pazia. Mbele ya watu mia mbili shemeji atakosa la kusema, kamati itamwondoa yule mwanamke, na mdogo wangu atabaki nyumbani kwake na heshima yake.

Alhamisi ya nane watu walijaa mpaka kwenye vizingiti. Jua lilikuwa bado linaingia madirishani, na wanawake walikuwa wanajipepea kwa karatasi za ratiba. Kengele ikalia mara moja, nikaanza. Nilimlisha vizuri huyo wa juu, sikutaka ashtuke. Nilikuwa nimeshayazoea mapumziko yake madogo ya mwisho wa mstari, na nilijichukia kwa kuyapenda. Wimbo wa mwisho ni mrefu, naujua, na katikati yake kuna mahali mabomba yote yanafunguka kwa pamoja.

Tulipofika hapo nikaachia mpini.

Risasi ikaanza kupanda. Muziki ukalegea, ukashuka, ukaguna kama ng'ombe anayelazwa chini, ukaisha. Kengele ikalia mara moja. Ikalia tena mara moja. Mimi nilikuwa nimeshatoka uani, nimezunguka kona, nimeingia mlango mkubwa, napanda ngazi mbili mbili kwa umri huu. Chini yangu nikasikia mabenchi yote yanalia kwa mpigo. Watu walikuwa wamegeuka.

"Haya, tazameni wenyewe," nikasema kwa sauti, nikalivuta pazia mpaka mwisho, kabla mimi mwenyewe sijatazama.

Kwenye benchi la kinanda alikaa mdogo wangu. Alikuwa amevaa miwani yake ya kushonea, na miguuni vile viatu vyeusi, kila kimoja juu ya pedali yake. Mikono yake ilikuwa bado imebonyeza, inasubiri hewa. Pembeni yake shemeji, ndani ya suti ya kijivu, mkono wa kushoto ameushika kwenye kishikio alichokuwa anamvutia mkewe. Mkono wa kulia ulikuwa pajani, kiganja juu, vidole vimejikunja nusu, haufanyi kitu chochote.

Shemeji aliwatazama wale watu mia mbili, halafu akaushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akajaribu kuuingiza mfukoni. Haukuingia. Akajaribu tena. Sote tulikuwa tunamwangalia, na mimi ndiye niliyekuwa karibu kuliko wote.

"Kaka, shuka," mdogo wangu akasema. Hakupandisha sauti. "Zimebaki kurasa nne."

Nikashuka. Pazia nililiacha wazi, sikuwa na nguvu ya kulirudisha. Kengele ikalia mara moja, nikashika mpini, na kurasa nne zile nilizisukuma nikiwa nalia mpaka kamasi. Alipiga mpaka mwisho, bila kuruka hata nafasi zangu za kuvuta pumzi.

Mwenyekiti alisimama palepale, akauliza tangu lini. Shemeji akasema ni kiharusi, tangu kabla ya msimu, na kwamba mkewe alikuwa amemfundisha mwenyewe miaka mingi, kwenye kinanda kidogo cha nyumbani; maneno yake yalitoka taratibu, upande mmoja wa mdomo. Mwenyekiti akauliza, kwa hiyo Alhamisi zote nane tulikuwa tunamsikiliza mama? Akajibiwa ndiyo. Akakuna kidevu, akawatazama wanakamati wenzake mmoja mmoja, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaamua jambo bila kuahirisha. Sharti linasema anayepiga ndiye anayekaa, akasema. Basi mama akae. Watu wakapiga makofi. Ndani ya makofi hayo, Mungu anisamehe, nilianza kujiona nimefanya la maana.

Nikawafuata uwanjani. "Si mmeona," nikamwambia mdogo wangu, "mambo yamekwenda vizuri. Sasa kwa nini mlinificha mimi?"

Alikuwa amevibeba vile viatu mkononi, yuko pekupeku. "Kwa sababu wewe huangalii mtu, kaka, unamchunguza. Ungeutazama mkono wake kila siku, na yeye angekuona unautazama."

"Nilidhani ana mwanamke."

"Nilikuuliza kama una neno."

Nikavitazama vile viatu.

"Leo, wimbo ukiisha, alikuwa ashuke awaambie mwenyewe," akasema. "Kwa mdomo wake, mbele ya watu, amevaa suti yake. Wiki nzima amekuwa anafanya mazoezi ya kuyatamka yale maneno mbele ya kioo. Sentensi tatu. Na alikuwa ameshaweza." Akatazama upande aliokuwa mumewe, ameegemea ukuta wa kanisa, watu wamemzunguka wanampa pole. "Badala yake wamemwona anahangaika na mfuko."

Nikamwambia anisamehe. Akasema amenisamehe, na nadhani ni kweli, maana mdogo wangu hasemi asichokusudia. Lakini Jumapili mwenyekiti alinijia, anatazama viatu vyake. Mama amekubali kupiga, akasema, ila ana sharti moja. Apatikane mtu mwingine wa hewa.

Wakampata fundi bomba mmoja, mtu mpole asiyeuliza maswali. Msimu huu, Alhamisi ya kwanza, nilikaa benchi la nyuma, nikatazama mbele kama wengine. Wimbo wa pili fundi alichelewa kidogo, hewa ikayumba, na mabega yangu yakasukuma yenyewe. Jirani yangu akasogea.

Tamasha lilipoisha walinikaribisha chai, kwa heshima zote. Shemeji alinipa mkono wa kushoto, nikaupokea. Mdogo wangu akanivutia kiti cha wageni, akaniwekea kikombe kile chenye kisahani chake. Huyu nimekunywa chai yake tangu hajaufikia mdomo wa sufuria. Akashika kijiko cha sukari juu ya kikombe changu, akasubiri.

"Unaweka vijiko vingapi?" akauliza.

"Viwili," nikamjibu.