Mji Usio na Midomo

Walipotoka tu nje ya stesheni, Mama Filimbi alisimama ghafla kama aliyekanyaga mwiba. Mji mzima ulikuwa umevaa barakoa. Muuza maji, barakoa. Askari wa barabarani, barakoa. Hata bibi kizee aliyesinzia kwenye benchi alikuwa kafunika mdomo vizuri, utadhani katunza siri ya serikali. Sababu ilikuwa vumbi la viwanda. Hewa ya pale ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Mumewe akatoa barakoa tatu mfukoni, akamvika mtoto, akampa mkewe yake, akavaa na yeye.

Kisha akasema kitu. Labda alisema "utazoea". Mkewe hakujua, kwa sababu mdomo wa mumewe ulikuwa umeshaingia nyuma ya kitambaa, na Mama Filimbi alikuwa kiziwi. Na hakuna mtu duniani aliyelijua hilo isipokuwa yeye mwenyewe.

Mumewe alikuwa fundi wa lifti. Asia kwa kazi ya lifti ni neema tupu, maghorofa yanaota kama uyoga na hakuna anayetaka kupanda ngazi, basi familia hii ilikuwa ugenini tangu mtoto akiwa wa kubebwa. Sasa mkataba wa mji wao wa kwanza ulikuwa unaisha, na kampuni ilimwambia fundi achague mwingine: wa bandari, wa milimani, au huu wa viwanda, ambako angekuwa msimamizi na kupewa nyumba. Tunakwenda kuutazama tu, alisema. Lakini mwanamume akishafunga safari na mke na mtoto kwenda "kutazama tu", ujue moyoni ameshahamia.

Masikio ya Mama Filimbi yaliharibiwa na homa kali iliyomshika baada ya kujifungua. Lilianza la kulia, la kushoto likafuata kama mpambe. Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kumuaga: ndege, simu, kisha kilio cha mwanawe, ambaye baba yake alimwita Filimbi kwa ukali wa sauti yake. Zikabaki ngurumo za malori. Mtu mwingine angesema mapema, na wahenga walishatuonya kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ila mwanamke huyu alikuwa na hofu yake, na hofu hiyo ilikuwa na jina: mama mkwe. Tangu mtoto azaliwe, bibi yule wimbo wake ulikuwa mmoja. "Huko mliko hamna ndugu wala jirani. Nileteeni mjukuu wangu nimlee." Mama asiyemsikia mwanawe akilia angejitetea kwa lipi?

Akanyamaza, akajifunza kusikia kwa macho. Katika mji wao aliwasoma watu wote midomo: muuza mboga, mlinzi wa getini, mwalimu wa chekechea. Hata lugha ya wenyeji alijifunza hivyo hivyo, akaitamka kwa lafudhi ya ajabu, wao wakacheka wakidhani ni ugeni tu. Akipigiwa simu, alisingizia mtandao mbovu, aandikiwe. Mumewe aliyekuwa anaondoka alfajiri na kurudi hoi alidhani mkewe ana mawazo mengi. Mama wa watu alikuwa tayari kufa na tai shingoni.

Na sasa analetwa kwenye mji usio na midomo.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya kumi na nne, safi, tupu, inanuka rangi mpya. Dalali, mwanamke wa viatu virefu na rundo la funguo, alifungua milango akieleza sana; ungejua kwa jinsi barakoa yake ilivyokuwa ikitumbukia na kufura. Mama Filimbi akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Kuitikia kwa kichwa ndiko kulikombeba miaka yote, kama fimbo ya kipofu.

Fundi ni fundi. Muonyeshe nyumba, yeye ataulizia chumba cha mashine za lifti. Akaishusha barakoa kidogo, akamtazama mkewe. "Nakuja sasa hivi, mama. Mwangalie mtoto." Hilo Mama Filimbi alilipata lote. Mumewe akaondoka na dalali, wakauacha mlango wazi.

Mama Filimbi akaenda kusimama dirishani chumbani. Chini watu walipita, vitambaa vyeupe usoni. Akajaribu kujiona akiishi pale. Atamsalimia nani? Mtoto akiugua, daktari atasema nini, naye atamwitikia nini kwa kichwa? Atatia sahihi wapi bila kujua anakubali nini? Alitamani kumwambia mumewe "sitaki", lakini angeulizwa kwa nini, na jibu lilikuwa lile moja tu.

Alipogeuka akamwona mzee mmoja wa kandambili amesimama mlangoni. Jirani, bila shaka. Barakoa yake ilikuwa ikicheza kwa kasi, mkono mmoja ukionyesha ukuta. Mama Filimbi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, akamwambia "asante, asante" kwa lugha aliyoijua, akamfungia mlango kwa heshima zote. Alidhani anakaribishwa mtaani.

Ndipo akatazama huku na huku, na Filimbi hayupo.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi.

Roho ikamruka. Alifika kwenye kingo za roshani bila kujua miguu imempelekaje, akakosa nguvu ya kuinama, akainama. Chini magari yanapita. Watu wanatembea kama kawaida, hakuna waliokusanyika, hakuna anayeangalia juu. Hakuanguka. Basi yuko wapi? "Filimbi! Filimbi wewe!" Kuita aliweza; jibu ndilo lililokosa pa kuingilia. Akakimbia jikoni, akakimbia chumbani, akafungua kabati tupu, akapita kwenye korido yenye giza, akarudi, akapita tena. Alihema kama aliyepanda ghorofa zote kwa miguu. Alijiona yuko uwanja wa ndege, anampa mama mkwe begi la mtoto.

Safari ya tatu ya korido akateleza. Sakafu ilikuwa na maji. Akashika mlango wa bafu asianguke, na mbao zikamtetemekea kiganjani. Vipigo vidogo vidogo, vya haraka. Akashika kitasa. Kimefungwa kwa ndani.

"Mwanangu! Upo salama? Zungusha hicho, zungusha!" Akapiga magoti kwenye maji, akabandika sikio mlangoni kwa mazoea ya zamani. Kimya. Maji yakazidi kutoka chini ya mlango. Huenda mtoto alikuwa anamjibu. Huenda alikuwa anamwambia ameumia. Vipigo vikasita, na Mama Filimbi akapiga kelele ambayo yeye mwenyewe hakuisikia.

Mkono ukamsukuma pembeni. Fundi amerudi, dalali na yule mzee nyuma yake. Bisibisi ikaingia kwenye kitasa, mlango ukafunguka. Filimbi alikuwa amesimama kwenye maji, bomba linamwagika, macho yamevimba kwa kulia. Baba akambeba. Kisha akamgeukia mkewe, na kitambaa kikacheza mdomoni pake. Kikacheza tena.

Mama Filimbi akaitikia kwa kichwa.

Macho ya mumewe yakabadilika. Akaivuta barakoa mpaka kidevuni. "Nimekuuliza, ulikuwa humsikii? Mimi nimemsikia nikiwa ndani ya lifti! Unaitikia nini?"

"Simsikii," akasema. "Na wewe sikusikii. Sisikii kitu. Tangu ile homa. Ukitaka kunirudisha nirudishe, baba, lakini mtoto usimpeleke kwa mama yako. Nakuomba. Usinitenge naye."

Mumewe alikaa chini palepale, kwenye maji, mtoto mapajani. Dalali akamshika yule mzee mkono, wakatoka. Midomo ya fundi ilipoanza kusogea aliinamisha uso, ikabidi Mama Filimbi amwinue kidevu kwa vidole.

"Mwaka jana," alikuwa anasema. "Tumelala, taa tumezima. Nilikuuliza turudi nyumbani. Nilikwambia nimechoka na ugeni, sitaki mji mwingine. Nikakuuliza mara mbili. Ukageukia ukutani."

"Sikujua."

"Nikasema basi, mwenzangu hataki kurudi. Ndiyo nikaomba hii miji. Nikadhani ukipata nyumba kubwa utafurahi."

Mama Filimbi alizisoma zile sentensi moja moja, asiamini macho yake. Siku nzima alikuwa anaogopa mji ambao mumewe naye hakuutaka. Akapapasa ukutani, akawasha taa ya korido, akarudi kukaa mbele yake.

"Niulize tena," alisema.

Akamuuliza, polepole, na yeye akaanza kujibu "turudi" kabla mumewe hajamaliza.