Ugonjwa Usio na Namba

Kru, kru, kru. Kabla hajafumbua macho, mshona magunia alijua kwamba kikombe chake kinasuguliwa kwa majivu. Vya wengine vilisuuzwa mara moja tu vikawekwa. Chake kilisuguliwa mpaka bati likalia.

Aliinuka, shingo ikamfuata nyuma, nzito. Matezi yalikuwa yamejipanga kutoka chini ya sikio hadi kwenye mtulinga, makubwa kama malimau. Hayakuuma. Hilo ndilo lililomtisha zaidi: vitu vikubwa namna ile, vimekaa kimya mwilini mwake, vinasubiri.

Uani mama mkwe alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa majivu. Hakumtazama usoni. Aliitazama shingo.

"Umeamkaje, mwanangu?"

Mwanawe alikufa kwa kukohoa miaka miwili iliyopita. Kwa imani ya bibi yule, mwanawe hakwenda mbali. Aliingia shingoni mwa mke wake na humo ndimo anamoishi. Kila asubuhi alimjulia hali. Mshona magunia alikuwa amezoea kunyamaza mpaka salamu hiyo ipite. Siku nyingine alihisi tezi moja likitekenyeka, kama linaitikia, na hapo aliogopa mwili wake mwenyewe.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba. Majibu ya hospitali si leo?"

"Ni leo."

"Lete karatasi yenye mhuri. Isiyo na mhuri hata mimi naweza kuiandika, na kusoma sijui. Wakisema huna kitu, mtoto nakurudishia. Wakisema unacho, waseme kitaisha lini. Huyu ni damu yetu. Nimeshazika mmoja."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya kizingiti, kidole mdomoni. Miaka mitano. Miezi kumi na moja sasa analala chumba cha bibi, na mama yake analala stoo, upande wa pili wa mbao. Alijua pumzi zake zote: ya ndoto, ya mafua, ya kulia kimyakimya. Kumgusa, hapana.

Ghalani alikofanya kazi nako walimtoa ndani. Msimamizi alimpa kona ya nje, chini ya paa, amshonee magunia yaliyotafunwa na panya. "Hewa safi hiyo, shemeji," alimwambia, akisogea nyuma hatua mbili.

Daktari wa matezi alifika hospitali mara moja kwa mwezi, na siku yake ilikuwa leo. Aliisoma karatasi ya maabara mara mbili, kisha akaigeuza kuona kama nyuma kuna kitu.

"Dada, hii si saratani. Wala si kifua kikuu. Haikuwa kifua kikuu tangu mwanzo."

Mshona magunia alikumbuka miezi sita ya vidonge vya kifua kikuu. Mkojo rangi ya kutu, magoti kama ya bibi kizee.

"Ni nini, basi?"

"Mwili una seli za ulinzi, zinazomeza vijidudu. Zako zimezidi, zikajazana kwenye matezi. Ugonjwa wa nadra, lakini mpole. Haumwambukizi mtu. Mara nyingi hutulia wenyewe. Baada ya mwaka, baada ya miaka, sijui. Nikikutajia tarehe nitakuwa nakudanganya."

"Naweza kumbeba mwanangu?"

Daktari aliacha kuandika. "Nani alikukataza?"

Daktari aliimaliza barua yake, akaikunja, akampa. "Kaigongeshe mhuri dirisha la nne."

Dirishani alikaa karani ambaye foleni nzima ilimwita Bwana Mhuri. Alifungua daftari, akateremsha kidole ukurasa mzima, akafunua mwingine.

"Huu haumo."

"Daktari ameandika."

"Ameandika, sawa. Lakini hauna namba humu daftarini. Mimi nagonga kwenye namba, sigongi kwenye maneno."

"Basi andika mimi mzima."

Alicheka, na benchi likacheka naye. "Mzima, na shingo hiyo? Mkaguzi akija nimwambie umemeza nanasi?"

"Mwite daktari."

"Gari lake limeshatoka. Subiri mwezi ujao, na namba bado hatakuja nayo." Akainamia dirisha, sauti ikashuka. "Sikiliza, dada yangu. Kifua kikuu kina namba. Kina dawa za bure, kina kadi, kina mhuri. Na mwezi huu kitengo chake kimepungukiwa wagonjwa, wakubwa wanapiga simu. Wewe unapata karatasi, sisi tunapata mtu. Nani ameumia?"

"Dawa hizo nilishamaliza."

"Ndiyo uzuri wake. Nitaandika umerudiwa. Waliorudiwa wana safu yao, na iko tupu. Miezi minane."

Mshona magunia aliishika barua ya daktari kwa mikono miwili. Vidole vyake, vilivyozoea sindano nene, viliacha alama pembeni.

"Na tarehe ya kumaliza huwa mnaandika?"

"Lazima. Hapa chini kabisa."

Mhuri ulianguka mara moja. Ulikuwa wa zambarau.

Mama mkwe alizipokea karatasi zote mbili, akaziinua kwenye mwanga moja moja.

"Hiyo ndiyo ya kweli, mama," mshona magunia alisema haraka. "Ameiandika daktari mwenyewe. Siambukizi. Sijawahi kuambukiza."

"Mhuri wake uko wapi?"

"Hawakuwa na namba, mama, wao..."

Bibi alimrudishia barua hiyo kwa ncha za vidole. "Na hii?"

"Hiyo inasema nimerudiwa na kifua kikuu. Miezi minane."

Alidhani atafukuzwa. Badala yake bibi kizee aliketi kwenye kigoda, macho yamemjaa maji, akaupapasa mhuri kwa kidole gumba.

"Angalau wamesema mwisho wake," alinong'ona. Kisha akaitazama shingo. "Umesikia, baba? Miezi minane. Jiandae kutoka."

Tezi lilitekenyeka.

Mtoto alikuwa amesogea mpaka vidole vya miguu vikavuka kizingiti. Bibi akamwangalia, naye mtoto akavirudisha.

"Mama, ukimaliza dawa shingo itakuwa kama ya watu?"

Mshona magunia aliigusa shingo yake, na mtoto akaendelea:

"Bibi amesema ikiwa kama ya watu ndiyo nitakuja kulala kwako. Itakuwa?"

Bibi naye alinyanyua uso, anasubiri.

"Itakuwa," alisema kwa sauti, wote wawili wasikie. "Nakuahidi, mwanangu. Nikimeza vyote, itakuwa."