Bibi Harusi Aliyebaki kwa Shangazi

Jumamosi hiyo mchana Shangazi alikuwa anawaeleza maharusi na wasimamizi wao habari ya viatu.

"Kiatu kipya kivaliwe nyumbani kwanza," alisema. "Deki nacho, pika nacho, toka nacho uani ukaanike nguo. Kiatu kisichokujua kitakuumbua mbele za watu. Haya, nani atashika pete?"

Msimamizi wa bwana harusi akanyoosha mkono. Shangazi akamtazama, akaona namna anavyochekacheka, akaelekeza kidole kwa msimamizi wa bibi harusi.

"Utashika wewe. Na huyu atatoa hotuba fupi, kabla watu hawajaanza kunywa, na yeye mwenyewe asiwe ameanza."

Walikuwa wanne, wamebanana kwenye kochi. Bibi harusi alikuwa fundi wa miwani, akisaga lenzi katika duka moja mjini. Bwana harusi alikuwa mwalimu wa udereva, kijana mtanashati, shati limenyooshwa mpaka kwenye vifungo. Msimamizi wa kike alikuwa msusi, binamu wa bibi harusi. Wa kiume alikuwa rafiki wa mwalimu tangu utotoni. Shangazi hakuwa shangazi wa yeyote kati yao. Jina hilo lilikuja na kazi. Akina mama wa mji ule, mwana akishachumbiwa tu, walimleta kwa Shangazi akae sebuleni mchana mmoja, na alipotoka hapo alijua wapi pa kusimama, lini atabasamu, na kwamba ni lazima ale kabla ya kuvaa gauni, maana wanaozimia ukumbini wengi wao huwa hawana lolote tumboni.

"Rangi ya sherehe?" Shangazi alimuuliza bibi harusi.

"Bluu," akajibu bwana harusi. "Iliyokoza."

"Na wimbo wa kuingilia?" Shangazi bado alikuwa anamtazama bibi harusi.

"Tutaingia bila wimbo. Nyimbo zinachelewesha watu."

Rafiki yake akaangua kicheko. "Msamehe bure, Shangazi. Huyu amezoea kukaa kiti cha pembeni, lakini breki anayo yeye."

Wote wakacheka. Bibi harusi naye alicheka, ila alianza baada ya wenzake na akanyamaza kabla yao.

Jua lilipopoa wakaaga. Bibi harusi akavaa viatu vyake mlangoni, akamshukuru Shangazi kwa mikono miwili, akaondoka na wenzake. Na bibi harusi huyohuyo akabaki kwenye kochi, pekupeku, mkoba mapajani, akitazama mahali walipokuwa wameketi.

Shangazi akakusanya vikombe. Kimoja akakiacha.

Hakuwa wa kwanza kubaki. Chumba cha nyuma kilikuwa na benchi, na kwenye benchi hilo walikaa wengine, kila mmoja na nguo aliyokuja nayo siku ya kushauriwa. Wote walikuwa pekupeku, kwa sababu viatu huondoka na anayeondoka. Barazani alikaa bwana harusi mmoja, mpole, aliyependa kutazama barabara. Hawakuwa watu wa kusumbua. Walikula kidogo, walifua nguo zao wenyewe, walikunja mashuka vizuri kuliko hotelini. Jirani alilalamika mara moja tu, kwamba kamba ya kuanikia imejaa na yeye hana pa kutundika. Shangazi akafunga kamba nyingine, yakaisha.

Mmoja tu aliwahi kufuatwa. Mwenyewe, yule aliyeondoka na viatu, alikuja asubuhi na sanduku, uso umevimba upande mmoja, akaingia moja kwa moja chumba cha nyuma na kumshika mkono. Wakatoka hapo mtu mmoja. Shangazi aliwasindikiza, au alimsindikiza, mpaka njia panda.

Mwanzoni, mumewe alipokuwa amefariki na nyumba ikimvumia masikioni, Shangazi alidhani amepata watu. Aliandaa meza, akawasimulia habari za sokoni, akawaigiza akina mama wenye kiburi. Walimsikiliza kwa adabu, kama watu wanaongoja kuitwa majina yao hospitalini. Hawakuwahi kujibu neno. Miaka ikaenda, benchi likajaa, na Shangazi akawa mpweke kuliko alipokuwa anaishi peke yake. Hatimaye aliacha kusimulia, akabaki kujisemea tu mambo madogomadogo, chumvi iko wapi, leo siku gani.

Siku ya pili baada ya wale wanne kuondoka, alisimama dirishani akajisemea, "Sijui mvua hii itanyesha."

"Itanyesha," sauti ikatoka kwenye kochi. "Goti langu limeshaniambia."

Shangazi akaanua nguo. Mvua ikanyesha. Aliporudi ndani alivuta kiti, akakaa karibu na kochi, na wakaongea mpaka chakula kikaungua.

Kumbe yule msichana alikuwa na maneno. Alimweleza Shangazi kwamba watu wengi wanaoleta miwani iliyovunjika husema imeanguka, lakini miwani iliyoanguka na miwani iliyotupwa ukutani hazivunjiki namna moja. Alimweleza kuhusu bwana mmoja mnene aliyedai haoni mbali, kumbe alikuwa na nywele machoni. Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mbavu zenyewe zilimuuma kesho yake. Akitoka sokoni sasa alirudi kwa haraka, na mlangoni alianza kuongea kabla hajavua viatu.

Asubuhi moja walikuwa jikoni wanamenya viazi. Msichana alinyoosha mguu wake taratibu, akakunja uso.

"Hilo goti lina nini?" Shangazi akauliza.

"Lilijigonga kwenye ndoo. Stoo."

"Stoo ya wapi?"

"Nyumbani kwa mwalimu." Aliendelea kumenya. "Siku hiyo nilichelewa kutoka kazini. Kulikuwa na mzee amekalia miwani yake, hawezi kurudi kwake bila kuona njia, nikambakia nimtengenezee. Nilipofika, mwalimu hakugomba. Alinishika mkono, akanifungia stoo, akaenda kuangalia mpira. Mpira ulipokwisha akafungua. Akaniuliza, haya, tumejifunza nini leo? Vile anavyowauliza wanafunzi wake."

Shangazi aliweka kisu chini.

"Ulimwambia nani?"

"Mama. Akaniuliza nimepaka nini goti." Akachukua kiazi kingine. "Mwambie yule asiolewe, Shangazi. Mimi hanisikilizi."

Shangazi alipaswa kwenda mchana uleule, na alijua. Duka la miwani halikuwa mbali. Lakini alimkumbuka yule wa sanduku, jinsi walivyoingia wawili wakatoka mmoja, na akaona jikoni mwake bila sauti ile, viazi vyake mwenyewe ndani ya beseni lake mwenyewe. Akajiambia kesho. Kesho kulikuwa na nguo za kufua. Kesho kutwa alihisi mafua. Jumamosi wakaja maharusi wengine, wakaambiwa habari ya viatu, wakaondoka wote bila kubakisha mtu, na Shangazi akawaonea wivu.

Wiki ya harusi ikaingia. Wakiwa mezani, msichana aliuliza, "Umeshamwambia?"

"Bado."

"Sawa," alisema msichana, akamsogezea mkate.

Shangazi aliurudisha mkate sahanini. Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Alimkuta bibi harusi nyuma ya duka, amevaa aproni, ameinamia mashine ya kusaga lenzi. Maji yalikuwa yanachuruzika juu ya kioo na mashine inalia kama nyuki kwenye chupa. Alipomwona mgeni akaizima.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Kuna mwenzako kwangu."

"Najua. Hajambo?"

"Hajambo. Anaongea."

Bibi harusi alikuwa anafuta lenzi kwa kitambaa. Mkono ukasimama.

"Anaongea nini?"

"Habari za stoo."

Mkono ukaendelea. Alifuta upande mmoja, akageuza, akafuta wa pili, akainua lenzi kwenye mwanga wa dirisha kuangalia kama imebaki na doa.

"Ndiyo maana nikamwacha, Shangazi. Huyo angenisumbua ukumbini."

"Njoo umchukue," Shangazi alisema. Alisema hivyo haraka, kabla hajapata nafasi ya kubadili mawazo. "Twende sasa hivi. Vua hiyo aproni. Kama hutaki kurudi kwenu, kaeni kwangu, nyie wawili au mmoja, vyovyote mtakavyokuwa. Mimi nitasema na mama yako. Kadi zikishagawiwa si mwisho wa dunia. Nimeona ndoa zikivunjwa mlangoni pa ukumbi na watu wakala wakashiba wakaenda zao."

Bibi harusi alitabasamu kidogo, kama mtu anayesimuliwa habari nzuri ya nchi asiyoijua.

"Mama yangu sasa hivi akipita sokoni anaitwa mama bibi harusi. Juzi nimemsikia anaimba bafuni. Na mimi nimechoka, Shangazi. Kila siku nilikuwa nabishana na yule, asubuhi yule, kazini yule. Tangu nimwache kwako nalala."

"Mwanangu."

"Viatu nadeki navyo kila siku, kama ulivyosema. Vimeshalainika." Alichukua fremu, akaipachika lenzi, ikalia tik. "Yeye anapenda chai ya rangi, bila sukari. Usimlazimishe kula asubuhi. Na akilala, Shangazi, tafadhali, usimfungie mlango."

Mteja akaita kutoka mbele. Bibi harusi akajifuta mikono, akaenda kumhudumia.

Harusi ilikwenda kama ilivyopangwa. Ukumbi ulikuwa bluu iliyokoza. Waliingia bila wimbo, na viatu vilisikika vizuri sakafuni. Msusi alishika pete na hakuziangusha. Rafiki alitoa hotuba fupi, hajaonja kinywaji kabisa, na watu wakashangaa kwamba ana akili kiasi kile. Bibi harusi alikuwa amekula. Mwalimu alimshika kiwiko tangu mlangoni, akawa anamwelekeza kwa vidole, kulia, kushoto, simama hapa. Ilipofika zamu ya kiapo aliulizwa bibi harusi, na mara hiyo alijibu mwenyewe. Alisema ndiyo. Mama yake akalia kwa furaha, na wanawake waliokaa meza ya Shangazi wakasema hawajapata kuona bibi harusi aliyetulia namna ile. Wakampongeza Shangazi kwa kazi nzuri. Alisema asante, akala alichopakuliwa.

Aliporudi, giza lilikuwa halijashika sawasawa. Msichana alikuwa amesimama mlangoni, amewasha taa ya barazani. Yule bwana harusi mpole alikuwa amesogea kumpisha.

"Alicheka?" msichana aliuliza.

"Alicheka."

"Alilia?"

"Hapana."

"Vizuri," alisema.

Shangazi alichemsha chai ya rangi, akaiacha bila sukari, akaiweka mbele yake. Alimsimulia ukumbi ulivyokuwa, hotuba ya rafiki, mwanamke mmoja aliyevaa kofia kubwa mpaka waliokaa nyuma yake wakaomba kuhamishwa. Ile ya kofia aliisimulia vizuri, akasimama kabisa na kuigiza kwa sinia kichwani. Msichana alimtazama kwa adabu. Chai ikapoa.

Asubuhi Shangazi alisimama dirishani akasema, kwa sauti ya kutosha, "Sijui mvua hii itanyesha." Akangoja. Alipogeuka, kochi lilikuwa tupu. Msichana alikuwa amehamia mwenyewe chumba cha nyuma, na wenzake wakabanana kumpa nafasi, ingawa nusu ya paja lake ilikuwa inaning'inia nje ya benchi. Shangazi akamwita mara mbili. Wote wakainua macho, kama wanavyofanya wagonjwa nesi anapotokea na makaratasi, na walipoona si majina yao wakayashusha.

Usiku aliacha mlango wa chumba kile wazi. Aliuacha wazi na usiku uliofuata, akatafuta jiwe la kuuzuia usijifunge kwa upepo.

Jumatatu aliita seremala. Seremala aliingia na futi yake, akawasalimia wanawake wa kwenye benchi mmoja mmoja, akaomba radhi kwa kuwasumbua, akapiga magoti akaangalia miguu ya benchi na kutikisa kichwa.

"Hili halirefushiki, Shangazi. Nikutengenezee jipya. La watu wangapi?"

"Lifike ukutani."

"Ukuta huu, au ule?"

Shangazi aliangalia kuta zote mbili.

"Ule wa mbali," alisema, akaenda kumchemshia chai.