Marufuku Kusema Acha

Mwaka mzima Mjomba hakuigusa ile pikipiki. Akipita uani aliizunguka kwa mbali, maana mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na kisa chenyewe kilikuwa cha neno moja. Siku hiyo yeye na Baba walikuwa wakiipandisha kwenye gari la mizigo, Baba mbele, Mjomba nyuma. Gurudumu likapinda. Baba akapaza sauti, "Acha!" akimaanisha simama kwanza. Mjomba akaacha, mikono yote miwili. Pikipiki ikarudi chini na Baba, ikamvunja mguu. Majirani wakampachika Mjomba jina la Sabuni, kitu kisichoshikika, lakini jina lenyewe likamganda.

Sasa Binti alikuwa anaondoka kwenda kazi yake ya kwanza, ya kutibu mifugo. Ofisi ilimpa gari na trela: mbele kitanda na jiko dogo, nyuma nafasi ya pikipiki ya kumfikisha kwenye mazizi yasiyo na barabara. Pikipiki alipewa na Baba. Bila hiyo angekuwa daktari wa ng'ombe wa kando ya lami tu. Kesho asubuhi alitakiwa kazini, Baba alitembelea mkongojo, na majirani walikuwa kwenye shughuli zao.

"Mjomba, nisaidie," alisema, akiangalia vidole vya miguu yake.

"Mimi, mwanangu? Umekosa watu?"

"Nimekosa."

Baba, kwenye kiti chake kibarazani, akacheka. "Umeuliza, umejibiwa."

Mlango wa nyuma wa trela ulishuka ukawa daraja, mkali kama paa la nyumba. Binti hakuikimbilia pikipiki. Alirudisha gari nyuma polepole mpaka ncha ya daraja ikalala juu ya tuta la uani, na mwinuko ukapungua nusu. Akavuta breki ya mkono, akazuia magurudumu kwa mawe, akafagia mchanga wote darajani.

"Leo neno acha ni marufuku," alisema kwa sauti ndogo. "Tutasema simama, au shika. Na mkono usitoke mpaka mimi niseme tayari. Baba, hata wewe."

"Hata nikiumwa na nyuki?"

"Mwambie simama, Baba. Ataelewa."

Mjomba hakucheka. Alikwenda kwake, akarudi na kabari ya mbao iliyopigwa msasa hadi ikang'aa. "Niliichonga mwaka jana," alisema, akiiambia kabari. "Sikujua niipeleke wapi."

Binti aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akamrudishia. "Kaa nayo wewe. Usisimame nyuma ya pikipiki, Mjomba. Kaa ubavuni, ushike keria."

Akawasha, akatia gia ya kwanza, akatembea kushoto kwa pikipiki huku akiachia klachi kidogo kidogo. Gurudumu la mbele likapanda. La nyuma likafuata. Katikati ya daraja vidole vyake vikateleza, klachi ikaruka, injini ikazima.

Kibarazani Baba alishainuka nusu, mdomo wazi. Neno lilikuwa hapo hapo kwenye ulimi. Akalimeza kama kidonge kichungu.

"Shika," akasema.

"Nimeshika," akajibu Mjomba. Mguu wake ulishaisukuma kabari nyuma ya gurudumu. Binti alibana breki, akahisi uzito wote umetulia, haumdai yeye peke yake. Akavuta pumzi. Akawasha tena, na safari hii hawakusimama mpaka ndani.

Alifunga mikanda minne, miwili mbele, miwili nyuma, akaivuta mpaka pikipiki ikashuka kidogo kwenye springi zake na kutulia. Alipogeuka, Mjomba alikuwa bado ameng'ang'ania keria, jasho likimtiririka puani.

"Mjomba, mbona bado?"

"Hujasema neno."

Machozi yalimjia Binti ghafla, akajifanya anakagua mkanda. Alitaka kumshukuru kwa ile kabari, na kwa mwaka mzima wa kuzunguka ua na aibu ile peke yake. Maneno yakawa mengi mno.

"Tayari, Mjomba," alisema. "Asante."

Mjomba alifungua vidole kimoja kimoja.

Chini, Baba alikuwa ameshajikongoja mpaka kwenye tuta. Alimnyooshea shemeji yake mkono amsaidie kushuka. "Njoo, Gundi," alisema. "Binti asafiri."