Kunguru wa Siku ya Kumi

Matonge matatu ya wali yalikaa juu ya jani la mgomba, kwenye ngazi ya mwisho kabla ya maji ya mto Krishna, na kunguru hawakuyataka.

Walikuwepo, tena wengi. Tisa, labda kumi, wamejipanga kwenye matawi ya mkwaju, wanatazama chini na kujikuna mbawa. Moreshwar aliwatazama pia. Ilikuwa siku ya kumi tangu mke wake, Yamuna, afariki, na kila mtu pale mjini Wai anajua kwamba siku ya kumi marehemu hula kwa mdomo wa kunguru. Ndege akila, roho imeridhika, inakwenda zake. Akikataa, kuna jambo marehemu analingoja, na jamaa husimama pale pale kumwahidi hili na lile mpaka ndege ashuke.

Moreshwar hakuhisi kitu. Kwa siku kumi hakuwa amehisi kitu. Aliamka, akaoga, akaketi alipoambiwa aketi. Hata lile neno lake la kila mlo, "chumvi", hakulitamka. Alikula alichopewa, kikolee kisikolee. Kilichobaki kikifanya kazi ndani yake ni masikio tu. Kuhani aliyeongoza ibada, Bhaskar, alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, na kila alipovuta sauti vibaya katika sala ya Kisanskriti, Moreshwar alimsahihisha huku macho yakiwa mtoni.

"Hata leo, Guruji?" Bhaskar aliuliza.

"Hata leo."

Miaka arobaini na sita alikuwa amefundisha Kisanskriti. Alibeba maelfu ya beti kichwani, na aliamini, bila ubaya wowote, kwamba mambo mazito husemwa kwa lugha hiyo, na Kimarathi, lugha ya nyumbani, ni cha kuulizia bei ya vitunguu. Ndivyo wasomi wetu walivyo. Bibi kikongwe aliyeko sebuleni watamwinamia mpaka chini, lakini mama aliyeko jikoni hawamtupii hata salamu.

Wa kwanza kuahidi alikuwa Nilkanth, kaka wa marehemu, mkulima wa miwa mwenye tumbo lake.

"Dada, usiwe na wasiwasi na shemeji. Tutamlisha. Ingawa wewe mwenyewe unajua kumlisha huyu ni adhabu!"

Watu walicheka kidogo. Kunguru mmoja aligeuza shingo, akairudisha.

"Mama," alisema Sulabha, binti yao wa pekee, "nitamchukua Baba aje akae na sisi Pune."

Kunguru hawakushuka.

"Hapo hata mimi nisingeshuka," Nilkanth alinong'ona. "Pune, na foleni zile?"

Jua lilizidi kupanda. Bhaskar alitazama saa yake, kisha akatoa nyasi za ibada kwenye mfuko. Kunguru wakigoma kabisa, husokotwa kunguru wa nyasi, akagusishwa wali, shughuli ikafungwa. Vitabu vinaruhusu.

"Guruji, nitengeneze?"

"Tengeneza."

"Usitengeneze!" Sulabha alisema kwa ukali. Alimgeukia baba yake. "Baba, unajua Mama anachotaka."

Alijua. Yamuna alikuwa na nyimbo. Alizitunga mwenyewe alfajiri kwenye jiwe la kusagia, na mashine ya unga ilipofika mjini na jiwe likatupwa uani, aliendelea kuziimba akichambua mchele. Hakujua kuandika. Alimwomba mume wake amwandikie, mwaka wa kwanza kwa aibu, miaka iliyofuata kwa mzaha, na kila mara Moreshwar alikuwa na madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Sikukuu ya Diwali ya mwaka jana ndipo alipomwambia ukweli: hayo ni maneno ya jikoni, atayawekaje daftari moja na yale ya Kisanskriti?

Yamuna alifuta mikono kwenye sari. "Lugha yako nimeiheshimu miaka yote hii," alisema. "Nimeamka kabla ya jogoo kukuchemshia maji, uoge, uende ukaisome. Hii yangu imekukosea nini?"

Moreshwar alivuta sahani, akaomba chumvi.

Sasa Moreshwar alisimama. Akavuta pumzi, akatoa ubeti wa Kisanskriti aliotunga papo hapo, wa kumsindikiza mke mwema. Ulikuwa ubeti mzuri, nisiseme uongo. Bhaskar alifuta machozi. Kunguru hawakutikisika.

"Shemeji," Nilkanth alisema, safari hii bila kicheko, "dada yangu ulikuwa ukimwita kwa lugha gani?"

Moreshwar alifikiri. Hakuwa akimwita. Alikuwa akikohoa, naye anakuja.

"Yamu," alisema, kwa Kimarathi. Jina lilitoka kavu, kama la mtu mwingine. "Nitaziandika."

Kunguru mmoja alishuka. Akatua ngazi ya tatu, akarukaruka, akasimama hatua mbili kutoka kwenye jani. Ndege akabaki pale pale, kichwa upande.

"Anangoja nini tena?" Nilkanth aliuliza.

Moreshwar alifungua kinywa aanze wimbo mmoja, wowote ule, kuonyesha kwamba hatanii. Alitafuta. Katika kichwa kile chenye maelfu ya beti hakupata hata mstari mmoja. Nyimbo zilikuwa zikiimbwa upande wa pili wa ukuta, naye alikuwa akifunga mlango ili asome. Hapo ganzi ilimwachia kidogo, kama mguu uliokaliwa unapoanza kuchoma, na maumivu yake hayakuwa mchezo.

"Sizijui," alisema. "Yamu, sijui hata moja."

Kisha Sulabha akaanza kuimba, kwa sauti mbovu ya mtu asiyeimba.

"Ngoja," Moreshwar alimkatiza. Alimnyang'anya Bhaskar kitabu cha sala na penseli iliyokuwa sikioni mwake, akaketi kwenye jiwe lililolowa, akatafuta ukurasa wenye nafasi pembeni. "Rudia. Polepole."

"Jiwe langu, dada yangu, sogea nikwambie," Sulabha aliimba. "Bwana wa nyumba kwa miungu ana maneno elfu. Kwangu mimi ana moja…" Akatikisa kichwa. "Baba, huu tuuache. Zipo nyingine."

"Moja lipi?"

"Baba."

"Nimeuliza, moja lipi?"

"Chumvi," Sulabha alisema.

Moreshwar aliandika. Herufi ni zile zile za Kisanskriti, wala hakuhitaji kubadili mwandiko, lakini alilikosea neno, akalifuta, akaliandika upya pembeni mwa sala. Nyuma yake watu waliguna. Bhaskar aliita, "Guruji, tazama, Guruji!" mdomo ukagonga jani la wali, na mbawa zikapiga karibu na maji, zikaondoka.

Moreshwar hakugeuka.

"Halafu?" alimuuliza binti yake, penseli ikiwa juu ya karatasi. "Alisema nini halafu?"